Nimeiba Mimi, Kavuliwa Viatu Mwenzangu

Mwizi nilikuwa mimi. Aliyevuliwa viatu mbele za watu ni Mwanaharusi.

Niiteni Umi. Hii sijawahi kuisimulia popote, na hata sasa naandika uso umeniwaka.

Nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa Kilindoni. Baba yangu ni mwalimu wa madrasa, mji mzima unamheshimu. Mama yake Mwanaharusi analima mwani. Tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Siku hiyo tuliingia dukani kwa Bi Roshanara kununua madaftari. Jicho langu likatua kwenye rangi ya mdomo.

Hela nilikuwa nayo.

Ila darasani kulikuwa na kundi la wasichana wanaotambiana nani kachomoa nini dukani. Mimi walinicheka, "mtoto wa ustadhi." Nilitaka wanyamaze.

Nikaichomeka kwenye mkono wa baibui.

"Simameni hapo!"

Bi Roshanara alikuwa ameona boksi la rangi za mdomo limepungua. Akaenda moja kwa moja kwa Mwanaharusi. Begi likamwagwa sakafuni. Viatu vikavuliwa. Wateja macho yamewatoka.

Hakikuonekana kitu.

"Kashampa mwenzake wa nje huyo," mama mmoja akadakia. "Watoto wa aina hii tunawajua."

Mimi hata sikuguswa. Bi Roshanara akanishika bega.

"Umi, nenda nyumbani mwanangu. Na uangalie unaotembea nao."

Nikaenda. Yaani nikaenda kweli, jamani.

Wale wasichana nilipowaonyesha ile rangi, wakanipigia makofi. Mwanaharusi wakambatiza "Kidole," yaani mdokozi, huku wakijua aliyeiba ni mimi. Wiki ya pili akaacha shule.

Siku ya kumi na sita nikashindwa. Nikarudi dukani, nikaiweka ile rangi mezani.

"Shikamoo. Niliyeiba ni mimi, si Mwanaharusi."

Bi Roshanara hakushtuka. Akaketi.

"Najua. Kamera ilikuonyesha jioni ile ile."

"Sasa mbona hukusema?"

Akainama. "Kumwambia ustadhi kwamba bintiye mwizi, niliona haya. Kumwomba radhi mama yake Mwanaharusi, nikaona haya zaidi. Nikanyamaza."

Tukafuatana hadi kwao. Mwanaharusi alikuwa uani anaanika mwani. Tukaomba radhi, sote wawili tunalia. Akatusikiliza bila kusimamisha mikono.

"Mmekuja kuniambia mimi? Mimi nilijua sijaiba. Kawaambieni wale waliokuwa dukani."

Jumamosi, duka limejaa, nikasimama nikasema. Bi Roshanara naye akasema ya kwake. Yule mama aliyedakia alikuwepo, akajifanya anachagua sabuni.

Baba alisikia kabla sijafika nyumbani. Siku tatu hakunisemesha.

Mwanaharusi alirudi shule. Tukikutana hunisalimia. Basi, salamu tu.

Watu husema watoto huiba kwa shida. Wengine tunaiba tumeshiba, ili tu tukubalike na wenzetu. Lakini kitu kikipotea, anayepekuliwa ni yule ambaye kwao hawana kitu.