Piano ya Papa Asukulu

Mimi ndiye mupiga piano wa korali yetu hapa Baraka, na napenda sifa kuliko mazoezi. Juzi nilienda Mboko kwa mujane wa Papa Asukulu, aliyepiga kabla yangu, akatupatia piano yake ndogo ya nyumbani, ya betri, ya zamani, yenye sauti tamu kama filimbi.

“Pile zake, hizi betri, usitoe,” akaniambia. “Hata siku moja.”

Nikaitika tu. Nilipofika nyumbani nikabonyeza kitufe chekundu, ikaanza wimbo wa kanisa peke yake. Marehemu alikuwa amejirekodi. Hata pale mukono wake wa kushoto ulipozoea kuchelewa, ulichelewa. Nywele zikanisimama. Halafu uvivu wangu ukaona njia rahisi.

Jumapili nikabonyeza kile kitufe, nikachezesha vidole hewani. Bamama wakalia. Nikalewa sifa, nikasahau, nikainua mikono yote miwili kupiga makofi pamoja nao.

Wimbo ukaendelea.

Makofi yakakatika kidogo kidogo. Kanisa zima likatazama piano inayopiga bila mutu. Nikakimbilia kuizima, lakini mujane, aliyekuja toka Mboko kutusikiliza, alikuwa amesimama pale benchi la mbele.

“Toa mukono, mutoto wangu. Muache amalize.”