Bata Bukini wa Eluned Prosser

Eluned Prosser alinifanya kuku, na sikukasirika. Hapa Nantwern, kijiji chetu cha Wales, nani hakufanywa mnyama na mwanamke yule? Kwa miaka thelathini alitengeneza katuni za watoto za Kiwelisi kwa vikaragosi vya waya na sufu, katika darasa moja la shule iliyofungwa, na kila mnyama wake alitembea kwa mwendo wa jirani fulani. Mimi, Mererid wa posta, nilikuwa kuku anayekimbia nusu ya njia kisha akasahau alikokuwa akienda. Kweli tupu. Sweta za vikaragosi nilizifuma mimi, na ya kuku nikaitia vifungo viwili vya ziada.

Kazi yake ilitaka subira ambayo mimi sikujaliwa. Unakisogeza kikaragosi kidogo sana, unapiga picha. Unakisogeza tena, unapiga tena. Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja. Jua linazama una sekunde nne, tano ukibahatika, na kikaragosi kikianguka katikati unaanza upya. Sauti zote alizitoa mwenyewe. Watoto waliomkuta dukani walimwomba awasalimie kama mbuzi, naye aliwasalimia hata akiwa na homa. Kwa hilo nilimheshimu kuliko kwa zile tuzo alizozipanga chooni.

Aliyekasirika ni Tegwyn Rees, fundi saa na mwongoza kwaya yetu. Eluned alimfanya bata bukini anayefundisha kuku kuimba, kifua mbele, shingo juu. Baada ya kipindi kimoja tu Tegwyn alimfukuza Eluned kwenye kwaya, na kwa miaka kumi na tisa hakumpa hata salamu. Akimwona njiani, huvuka barabara. Eluned naye hakukubali kujishusha. "Asiyetaka kuchekwa asiongoze kwaya na suruali fupi," alisema, na maneno yakafika yalikotakiwa kufika.

Januari moja nilimpelekea sweta nikamkuta amekaa sakafuni. Bukini alikuwa amelala kifudifudi mezani.

"Mara ya nne leo," alisema. "Hebu tazama, shoga yangu."

Akanyoosha mikono. Yote miwili ilitetemeka, wala hakukuwa na baridi.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Daktari anasema mikono ikishaanza hivi, hairudi nyuma. Usimwambie mtu."

Kilikuwa kipindi chake cha mwisho, na watu wa runinga walikitaka kwa sikukuu ya Mtakatifu Daudi, Machi mosi. Kilibaki kipande kimoja: bukini anawaongoza kuku wote kuimba. Sekunde kumi na nne. Wale wa runinga kule Cardiff walisema wataleta mtu amalizie kwa kompyuta.

"Si waache tu wamlete?" nilisema. "Atafanya vizuri."

"Atafanya bukini yeyote. Mimi namtaka huyu."

Nilirudi nyumbani roho inaniuma. Siri ya rafiki haitolewi, najua, lakini asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa Tegwyn, kwa sababu mikono iliyotulia kuliko yote hapa kijijini ilikuwa yake. Nikamweleza kila kitu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Tegwyn."

"Chawa ni wake! Na bukini ni mimi!"

"Basi nenda ukamrekebishe. Ndiyo nafasi ya mwisho, bwana. Usipoenda, utazikwa bukini mbaya."

Alinifungia mlango usoni.

Kesho yake alitokea darasani amevaa suti ya Jumapili, miwani ya kutengenezea saa juu ya paji la uso. Eluned alinitupia jicho ambalo sitalisahau.

"Nani kakuita?" alimuuliza Tegwyn.

"Nimekuja kuona mnyama huyu anavyonikosea." Akainama, akamkagua. "Ona sasa! Mimi huanza na mkono wa kushoto. Miaka kumi na tisa huyu anaanza na wa kulia!"

"Ulinifukuza kwenye kwaya. Ningemrekebishaje?"

Tegwyn alivua koti.

Walifanya kazi siku tatu kwa ajili ya zile sekunde kumi na nne. Eluned alikaa nyuma yake kwenye kiti kirefu, mikono ameikalia. "Bawa juu. Kidogo. We mzee, huyo ni bukini, si nabii!" Naye Tegwyn: "Nyamaza wewe, nahesabu." Siku ya pili niliwakuta wakigombania kipande cha mwisho cha mkate wa zabibu, nikajua yale ya miaka yamekwisha.

Machi mosi tulijaa ukumbi wa kanisa kutazama runinga, watoto mbele, sisi nyuma. Kipindi kikafika mwisho. Bukini akawatazama kuku wake, akainua bawa la kushoto.

Sisi wanakwaya tuliofuata mkono ule wa Tegwyn miaka arobaini tukavuta pumzi kwa pamoja. Hakuna aliyetuambia. Bawa likashuka, tukaimba, sauti zote nne, na watoto wakageuka kuwatazama bibi zao midomo wazi. Tegwyn hakuinua mkono. Aliimba besi yake kama mwanakwaya wa kawaida, macho kwa bukini, akimfuata.

Eluned alikuwa analia mbele ya kila mtu, mikono inatetemeka mapajani, wala hakuificha.

Tegwyn alimwinamia. "Ubeti wa pili umeuchelewesha."

"Mikono ilikuwa yako," alisema Eluned.