Baba Esnath Hayumo Kwenye Kitambulisho

Kisanduku cha akiba ya kikundi kilikuwa ndani ya kiroba cha vitunguu, katikati ya miguu ya Sifaeli, na tangu watoke Ruaha Mbuyuni asubuhi alikuwa hajakiachia. Wiki iliyopita kikundi cha jirani kilivunjiwa cha kwao. Ndiyo maana wanachama walikubaliana fedha za hisa ziingie benki Iringa, na washika funguo za kufuli tatu ndio wawe watia saini.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa kumi kasoro robo, na mlinzi alishasogea mlangoni.

"Hawa wawili sawa," alisema dada wa benki, kalamu juu ya muhtasari wa kikao. "Wa tatu, Baba Esnath, ni nani?"

"Si ndiye huyu hapa!" alijibu mwenyekiti wao, Bertha.

"Kitambulisho kinasema Sifaeli Kalinga."

"Ndiye huyohuyo. Kijiji kizima kinamwita Baba Esnath. Hilo la Sifaeli hata mimi nalisikia leo."

"Mama, akaunti haifunguliwi kwa jina la mtaani. Mkaandike muhtasari mwingine, mje Jumatatu."

Sifaeli alikiwaza kile kiroba kikirudi stendi, ambako vijana wawili walishakitazama sana. Kikifika salama, kingelala kwake siku tatu, chini ya kitanda cha mkewe na watoto. Miaka sita kikundini hakuwahi kusema kitu mkutanoni zaidi ya "nipo", namba yake ikiitwa.

"Kumi na saba," alisema.

"Unasemaje, baba?"

"Mimi ni kumi na saba." Alikuwa akiongea na meza. "Kwenye kikundi tunaitwa kwa namba. Hapo pembeni ya Baba Esnath imeandikwa. Sasa fungua daftari la wanachama."

Dada akafunua. Kumi na saba: Sifaeli Kalinga, na alama ya dole gumba lake. Akachukua daftari na muhtasari, akaingia kwa meneja. Mlinzi akafunga bawa moja la mlango.

"Kumbe unaongea," Bertha alinong'ona.

Dada akarudi. "Amekubali. Fungueni."

Washika funguo wenzake wawili walifungua kufuli zao. Ya Sifaeli ilikuwa ya mwisho, kisha dada akakibeba kisanduku kwenda kuhesabu fedha dirishani.

Baadaye sauti ikatoka dirishani: "Sifaeli Kalinga, njoo usaini."

Aliendelea kukaa, amekumbatia kiroba kitupu, mpaka Bertha akampiga kiwiko.

"Baba Esnath, unaitwa."