Miimo ya Mlango wa Sumaili

Harufu ya karanga za moto ndani ya karatasi iliyochapishwa hunirudisha Kindu, mtaani kwetu Mikelenge, wakati wa vita. Lazima iwe karatasi ya kitabu, yenye wino wa zamani unaolegea kwa joto na kuacha weusi kwenye vidole. Wakati ule treni ilikuwa imekoma, mashamba hayafikiki, shule imefungwa, na maktaba moja ya mjini imeporwa. Vitabu vyake viliuzwa sokoni kwa kilo. Mama aliyeuza karanga karibu na kwetu alinunua ensaiklopidia kubwa ya Kifaransa, akawa anaichana ukurasa mmoja mmoja ili kufungia bidhaa yake. Basi mtaa mzima tulikula karanga pamoja na elimu. Jirani yetu mmoja alijua habari zote za nyangumi, hadi mahali ukurasa wake ulipochanika.

Mimi na kaka yangu Amisi tulipata runi, maandishi ya kale ya watu wa kaskazini ya Ulaya.

Amisi alikuwa kijana mkubwa, Kifaransa anakijua vizuri, akanitafsiria ukurasa ule huku tukilamba chumvi vidoleni. Watu wale, ulisema ukurasa, walikuwa na alama ishirini na nne. Mpangilio wake waliuita futhark, kwa kuunganisha sauti za alama sita za kwanza, kama tunavyosema abichidi. Kila alama ilikuwa na jina. Ya kwanza iliitwa mifugo, yaani mali. Hawakuandika kwenye karatasi, walichonga mbao, mifupa na mawe. Karne zilipopita wakazipunguza alama hadi kumi na sita, na Amisi alisema huo ni uvivu mtupu. Sisi tulichagua zile za zamani, kwa sababu zilikuwa na alama nzima kwa ajili ya sauti ng. Amisi aliapa kwamba watu hao lazima waliwahi kupita jimboni kwetu, Maniema.

Baba yetu, Asani, alikuwa seremala. Alipotukuta tukikwaruza alama kwenye vipande vya mbao, alichukua kimoja, akakigeuza, akauliza mbona hakuna mstari hata mmoja uliolala. Amisi akamsomea jibu: mstari unaolala hufuata nyuzi za mti, hupotea au kupasua ubao, lakini mstari uliosimama na ulioinama huzikata nyuzi, nao huonekana. Baba alitabasamu kama aliyepata habari za fundi mwenzake wa mbali.

Tangu siku hiyo tuliandikiana kwa mbao. Ukurasa ulisema hata wenyewe walifanya hivyo, kwamba katika bandari yao moja vilichimbuliwa vijiti vingi, na kimoja kilimtaka mtu arudi nyumbani, kwa amri ya mwanamke. Vyetu havikuwa na heshima zaidi. Njoo ule. Baba amekasirika. Nani amemaliza mboga ya sombe?

Chini ya ukurasa palikuwa na picha ya jiwe. Wazazi walilisimamisha kwa ajili ya mtoto wao aliyeuawa safarini na watu aliowaamini, wakachonga humo ombi kwamba Mungu awasaliti waliomsaliti. Nilimwomba Amisi anisomee tena. Sijui kwa nini nililipenda.

Ng'ambo ya njia aliishi Sumaili, mwuza mawese, mtu wa maneno matamu aliyependa kujitambulisha kuwa mjukuu wa wangwana, wale waliokuja zamani pamoja na Waarabu wa Unguja. Asubuhi moja askari waliotawala mji waliingia mtaani wakimtafuta mtu anayewapelekea chumvi wapiganaji wa porini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona. Sumaili alikuwa kwake, mikono nyuma. Hakunyoosha kidole. Alinyoosha kidevu, kama tunavyofanya sote tukimwonyesha mgeni njia, na kidevu kilielekea kwetu.

Amisi hakuwahi kupeleka chumvi popote. Walipomvuta nje, Baba alimshika kiunoni, nao wakampiga Baba vidole vya mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki mpaka akaachia. Amisi hakurudi. Hatukupewa mwili wa kuzika.

Muda si mrefu Sumaili alipata ruhusa ya kupitisha madini kutoka Kalima, akajenga nyumba ya matofali. Mtaa wote ulijua ruhusa ile ilitoka wapi, na mtaa wote ulimwamkia. Kisha akaja kwetu, akaketi kwenye kigoda cha Amisi, akamwambia Baba, "Asani, nataka mulango ya heshima. Kama ile ya wazee wetu kule Kasongo, na nakshi huku na huku."

Wakati ule aliyemkatalia Sumaili alikuwa amejitaja mwenyewe kwa askari. Baba alikubali. Ila vidole vyake havikuweza tena kushika patasi ndogo ya nakshi, na kwa sauti isiyo na kitu ndani alisema, "Zaina atachonga miimo."

Nilichonga. Kwenye mwimo wa kulia, nguzo ya pembeni mwa mlango, niliandika kwa runi: Amisi mwana wa Asani. Kwenye wa kushoto: Sumaili alimuuza. Na kwa kuwa wachongaji wa mawe yale walizoea kutia majina yao, chini kabisa nikaongeza: Zaina aliandika. Nilitaka kila mstari umwingie yeye, si ubao.

Baba hakujua kusoma alama zile, lakini jina la Amisi alikuwa ameliona kwenye vipande vya mbao nyumba nzima. Alipitisha kidole gumba cha mkono wa kushoto, akalifikia, akasimama. Akahamia mwimo wa pili, akafuata kila alama kwa ukucha. Nilisubiri kofi.

"Chonga ndani zaidi," alisema.

Sumaili alifurahi kupita kiasi. Alizigusa alama zile, akatangaza, "Hii njo kazi ya wangwana yenyewe. Huyu mutoto iko na damu ya wazee." Wageni wake aliwaambia kwamba mlango wa babu yake ulikuwa na michoro hiyohiyo. Mimi kila asubuhi nilimtazama akitoka katikati ya maneno yangu. Nilisubiri augue. Alinenepa.

Baba alifariki, nikahamia Kisangani, nikazeeka kidogo. Mwaka huu nilirudi Mikelenge, nikakuta viti vya plastiki vimepangwa mbele ya nyumba ya Sumaili. Wazee wa mtaa walikuwa wamekutana kumweka yeye kuwa mkuu wa kamati ya upatanisho. Niliketi. Kabla ya dua, mwalimu mmoja kijana, mgeni mjini, aliusifu mlango na kuuliza maana ya nakshi. Sumaili alianza tena habari za wangwana.

Nilimwomba mwalimu atafute runi za kale kwenye simu yake, alinganishe. Alicheka, akainama, akaanza kusoma moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza.

"A. Mi. Si. Amisi. Mwana wa..."

"Asani," alimaliza mama mmoja mzee nyuma yangu, taratibu.

Mwalimu aliacha kucheka. Nilimwambia, "Endelea, mwalimu, upande wa pili." Akasoma jina la mwenye nyumba, kisha kitendo chake, kisha jina langu. Watu wakageuka kunitazama.

"Mama Zaina," alisema Sumaili, "ilikuwa vita. Vita ilikuwa ya watu wote."

"Vita ilikuwa ya wote. Kidevu kilikuwa chako."

Yule mama mzee aliinuka, akabeba kiti chake, akaondoka. Wengine wakafuata bila kuagana. Aliyeleta kreti ya soda aliichukua. Kamati ilipata mkuu mwingine. Sumaili alijaribu kupaka miimo rangi. Rangi ilituama katika mistari, ikazidi kuonekana.

Utotoni niliamini kwamba nguvu ya maandishi yale ilikuwa siri yake. Nilikuwa sijauelewa ukurasa wangu. Watu wa kaskazini hawakuyaficha mawe yao; waliyasimamisha kando ya njia na penye madaraja, ili kila apitaye asome, na mwenye kutajwa apite hapo na watoto wake. Miaka yote ile mlango wangu haukumwadhibu Sumaili, ulimpamba.

Watu huniuliza kama sasa moyo umetulia, kama nimesamehe. Sijasamehe. Nilibaki Kindu siku za kutosha kumfundisha mwalimu yule alama zote ishirini na nne, naye anawafundisha wanafunzi wake. Njia yao ya kwenda shule inapita pale, na asubuhi huwa wanasoma kwa sauti.