Sarafu ninayoipenda kuliko zote imo ndani ya njuga ya baba mdogo

Wakuu, za jioni. Huku Bariadi tuko salama, vumbi tu ndilo linatusumbua.

Nimepitia ule uzi wa sarafu za zamani, nimeona mmetupia picha kali mno. Na mimi naleta yangu, ila bila picha. Sitii chumvi, na mkifika mwisho mtajua kwa nini sina picha.

Kwanza mnijue. Nina duka la spea za baiskeli hapa mjini. Ugonjwa wa sarafu niliupatia dukani hapohapo, maana wazee wa Dutwa na Ngulyati wakija kununua tairi, wakifungua vile vifundo vya kitambaa hutoka vitu ambavyo benki ilishavisahau.

Nina senti tano yenye samaki. Nina senti hamsini yenye sungura. Nina zile za tundu za Mwingereza, ambazo bibi zetu walizitunga kwenye uzi kama shanga.

Mke wangu anaziita vyuma chakavu. Siku moja nilimkuta mlangoni anaongea na mnunua skrepa, na mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Kilichokuwa kinaninyima raha ni nafasi moja tupu kwenye albamu, nafasi ya sarafu ya Tabora.

Kwa wasioijua: wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Mjerumani alibanwa, fedha kutoka kwao zikawa hazifiki. Akaamua kufyatua sarafu zake palepale Tabora, kwenye karakana ya reli. Ni ya njano, na haijanyooka vizuri, unaona kabisa fundi alikuwa na haraka. Mimi naipenda kwa hilohilo. Nyingine zote zilikuja na meli, hii imezaliwa huku kwetu.

Sasa twende Sapiwi.

Sapiwi ndiko nyumbani. Mama yangu anaishi huko mji mmoja na baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba. Huyu mzee umri umekwenda lakini ngoma hajaacha. Ni wa wale ambao mashindano ya baada ya kuuza pamba yakiwapita, wanaumwa kweli, wanalala.

Njuga anazovaa miguuni zilikuwa za babu, zikaja kwa baba, baba alipofariki zikaenda kwake. Kwa kawaida ndani ya njuga kuna kipande cha chuma, ndicho kinacholia. Lakini moja, ya mguu wa kulia, ina sauti yake peke yake. Nyembamba, na inabaki kidogo baada ya zingine kunyamaza.

Sababu kwenye ukoo inajulikana. Babu akiwa kijana alipata sarafu yake ya kwanza, na alijijua, ingeishia kwenye pombe. Akampelekea mhunzi, akamwambia aifungie ndani ya njuga. Mzee alijifungulia akaunti isiyotoa hela.

Ni sarafu gani? Hakuna aliyewahi kuiona. Mnaweza kufikiria mtu kama mimi nimekuaje mpaka utu uzima na swali hilo kichwani.

Basi, siku moja kabla ya mashindano ya mwaka huu nikapanda pikipiki asubuhi mpaka nyumbani. Mama nikamkuta ndani anachambua choroko. Macho yake yamepungua sana siku hizi, anaona mwanga na vivuli tu, choroko anazichambua kwa vidole. Tukasalimiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola duhu."

Baba mdogo alikuwa uani anajaribu njuga zake. Nikamwomba ile yenye sauti yake, nikawasha tochi ya simu, nikachungulia kwenye ule mpasuko mwembamba wa njuga.

Wakuu, ilikuwa ya njano.

Nikapiga picha, ikatoka giza tupu, nikaandika tu kwenye grupu letu la wakusanyaji. Tuna ndugu mmoja humo, afisa mifugo mwenyeji wa Tanga, kwa sarafu za Mjerumani hakuna anayemfikia. Akajibu palepale: "Njano? Hiyo inaweza kuwa Tabora. Au wosha tu ya baiskeli."

Nikamsomea baba mdogo.

"Wosha ya nini?" akasema. "Baba yangu hakuwa na baiskeli."

Nilidhani atanikatalia kuigusa. Kumbe naye swali lilikuwa linamwasha tangu utotoni, tena kunizidi. Ni yeye aliyesema tuivute kidogo ije karibu na mpasuko, tuisome, tuiache. Tukachukua spoku ya baiskeli niliyokuwa nayo kwenye begi, tukaipinda ncha. Yeye akaleta mafuta ya pamba jikoni, akamimina. Tulichuchumaa pale watu wazima wawili, tunasukumana mabega.

Ikaja. Ikaja vizuri kabisa, ukingo wake ukatoka kwenye mpasuko, halafu ikakwama.

Baba mdogo akaitikisa njuga. Kimya. Akaitikisa tena kwa nguvu, kimya.

Kutoka ndani mama akasema, "Mbona amenyamaza?"

Hapo ndipo nilipoelewa tumefanya nini. Mama humjua mtu kwa sauti siku hizi, na njuga hiyo ndiyo sauti ya marehemu baba. Alishanisimulia mara nyingi kwamba baba akitoka ngomani, alikuwa anaanza kumsikia kabla hajafika kwenye uzio wa minyaa, anainuka kumpashia chakula. Na kesho yake tulikuwa tumeahidi kumpeleka uwanjani, siyo kuona, kusikiliza.

Nilijisikia vibaya sana, sitaki kuficha.

Baba mdogo akachukua plaisi kwenye begi langu, akaniwekea mkononi. Akaongea taratibu ili mama asisikie.

"Ukiitaka, vuta. Njuga itapasuka, ni chuma cha zamani. Mimi nitacheza na zilizobaki."

Alimaanisha. Mzee aliyekuwa haazimi njuga zake hata kwa wanawe alikuwa ananipa, kwa sababu alijua nimeitafuta muda mrefu.

Na mimi niliitaka wakuu. Ukingo ulikuwa nje pale, umefunikwa na uchafu, na chini ya uchafu kulikuwa na kitu kama maandishi. Kufuta kwa kidole gumba tu, ningesoma. Lakini naijua tabia yangu. Nikisoma herufi moja, siiachi tena.

Nikageuza uso nikawa natazama kuku. Nikaweka mpini wa jembe kwenye ule ukingo, nikagonga polepole, huku baba mdogo ameishikilia njuga kwa mikono miwili na amefumba macho. Naye hakutaka kuona.

Ikaingia. Akaivaa, akakanyaga chini mara moja.

Ikalia ileile.

"Haya," mama akasema kule ndani, akaendelea na choroko zake.

Kesho yake uwanja ulifurika. Kwa wageni wa mambo yetu: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayevuta watu wengi upande wake. Tulikuwa tunaongoza vizuri tu, mpaka wapinzani walipotoa chatu. Uwanja mzima ukahamia kwao kwa mbio. Na mimi nilikimbia, sisemi uongo, chatu ni chatu.

Nilipogeuka nyuma, upande wetu alikuwa amebaki mama peke yake kwenye kigoda chake, anapiga makofi. Baba mdogo anacheza mbele yake kama vile uwanja umejaa. Alipohamia kushoto mama aligeukia kushoto, alipohamia kulia aligeukia kulia.

Tulishindwa vibaya. Njiani nikamuuliza mama ameionaje ngoma.

"Wamecheza vizuri leo," akasema.

"Kikundi chote?"

"Hapana. Baba mdogo wako na baba yako."

Nikaendelea kumshika mkono mpaka nyumbani.

Nilichojifunza ni kwamba kuna vitu vikishaingia kwenye albamu vinanyamaza. Kabla hujakivuta kitu mahali kilipo, sikiliza kwanza kinafanya kazi gani pale. Na msitumie mafuta ya pamba kwenye njuga, zinanasa vumbi wiki nzima.

Haya, leteni zenu, iwe sarafu, stempu, redio ya mkulima au saa ya babu. Nataka hasa kusikia kuhusu kile ambacho ungeweza kukichukua ukakiacha. Na wale wa wosha nawaona mnavyojiandaa, karibuni tu.

Ile nafasi tupu kwenye albamu sijaijaza. Nimeweka karatasi ndogo, nimeandika: "Imekwenda kucheza."