Jina Langu Nyuma ya Pesa ya Zamani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu ya gundi. Nilikuwa binti bado, na euro zilikuwa mpya. Kila mtu hapa Brussels alizigeuzageuza mkononi kama samaki wa juzi. Nilifanya kazi kwenye duka la fremu za picha, mtaa wa Ixelles. Tajiri wangu alishanionya: mali ya mteja ikibadilishwa, kazi basi.

Akaingia mzee wa Kibelgiji, Papa Wim. "Jambo, mama! Habari ya asubui?" Kiswahili cha kwetu Lubumbashi kabisa, alikofundisha miaka mingi. Wewe ungefurahi. Mimi nilijiuliza: mzungu huyu anayenisalimu kwa lugha ya mama yangu anatafuta nini?

Akatoa karatasi, nyembamba mno. Baadaye nilijua ilikuwa chapa ya majaribio ya pesa ya karne ya kumi na nane. Fundi alichonga bamba la shaba, kisha akachapa karatasi moja aone kama mchoro umetoka sawa. Mbele kulikuwa na malaika na herufi za madoido, pa namba na pa sahihi patupu, nyuma peupe.

"Nitaiuzisha," akasema. "Muke wangu alizikwa Lubumbashi. Hii njo itanilipia tiketi, nimuone mara ya mwisho. Bon, uiweke muzuri."

Akaondoka bila kudai risiti. Hapo ndipo shaka iliponishika. Nani huacha mali bila risiti? Na pesa gani haina namba? Mke, kaburi, tiketi... mh, hadithi tamu mno hiyo! Nikajiambia, huyu atarudi adai nimembadilishia. Basi nikachukua kalamu ya bic, nikaandika jina langu nyuma ya karatasi, akija na maneno yake nimwonyeshe kuwa ni ile ile. Nikaifunga kwenye fremu, najiona mjanja.

Siku ya tatu alikuja na mnunuzi. Yule bwana aliitoa kwenye fremu, akaiinua dirishani. Wino ulikuwa umepenya. Jina langu, kinyumenyume, usoni mwa malaika. Mnunuzi aliirudisha mezani, akavaa kofia yake, akatoka.

Papa Wim hakupiga kelele. Afadhali angenizaba kofi. "Mutoto, sababu gani?"

"Niliogopa, papa. Nilizani utasema niliibadilisha."

Akaweka kidole juu ya jina langu. "Donc, miye njo nilikuwa mwizi?"

Tajiri alipokuja kuuliza kuna nini, mzee alimwambia wino ule ulikuwepo tangu zamani. Akachukua karatasi yake, akaenda. Alikufa hapa hapa, majira ya baridi yaliyofuata, bila kusafiri.

Mwaka niliporudi Lubumbashi nililitafuta kaburi la mkewe. Nilimwambia ni nani aliyemzuia mumewe asije.

Sikwambii uamini kila mtu, mwanangu. Nikisema hivyo katika mji huu, nitakuwa nimekudanganya. Mimi mwenyewe bado nasoma kila karatasi mara mbili kabla ya kusaini. Lakini shaka ikikushika, itoe kwa mdomo, mbele ya mwenyewe. "Papa, mbona hutaki risiti?" Maneno manne tu, angenijibu tukacheka. Usimhukumu mtu kimoyomoyo, halafu mkono wako uitekeleze hukumu hiyo juu ya mali yake.

Mungu akupe macho makali na ulimi usioogopa kuuliza. Na jina lako, popote litakapoandikwa, lisimfungie mtu njia.