Chombo cha Mjerumani Katikati ya Mtama

Mchana yule Mjerumani alikuwa fundi wa pampu kwenye mgodi wa dhahabu karibu na kwetu, upande wa Geita. Jioni alitengeneza vitu visivyo na kazi. Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Mbele ya nyumba yake alisimamisha mabomba chakavu, akayafungia mikono ya waya mnene, na kwenye ncha akaweka vipande vya debe alivyovikata kama majani. Upepo ukija, mikono inazunguka taratibu, inasita, halafu mmoja unarudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Wenzangu niliokuwa nikipeleka nao viazi mgodini walipita mbio, wakisema ni dawa. Mimi nilisimama. Jambo nisilolielewa hunitoa adabu.

"Shikamoo, bwana. Hiki kinafanya kazi gani?"

"Marahaba, mama. Kazi yake kwenda."

"Kinakwenda wapi?"

"Hapa hapa."

Aliponiita mama niligeuka kuona nani yuko nyuma yangu. Nilikuwa na miaka kadhaa katika ndoa bila mtoto. Wanawake wa rika langu wote walikuwa Mama Fulani. Mimi niliitwa mke wa fulani, basi.

Nikawa napita kwake kila nikimaliza kuuza viazi. Aliniambia kwao alifanya kazi hiyo tangu ujana, vyombo vikubwa kuliko hivi, watu wakija kuvitazama. Vita vikaiteketeza nyumba na vyote vilivyokuwamo. Nilimuuliza kama alilia. Alisema alitafuta bomba jingine. Kisha akachukua tupa, akapunguza ncha ya kipande cha debe, akakirudisha na kuketi kungoja upepo. Kama hakikwenda alivyotaka, alikishusha tena. Jioni nzima kwa jani moja. Nilitaka sana kujua anaona nini ambacho mimi sikioni.

Lakini nyumbani nilikuwa na langu. Kwetu mtama ukianza kukomaa, kila shamba huwa na dungu, na juu ya dungu watoto wenye makombeo, wanawarushia kweleakwelea madongo. Mume wangu alishinda chini ya ardhi mgodini, na mimi watoto sikuwa nao. Mwaka uliotangulia ndege walikula karibu nusu. Mama mkwe alisema mbele yangu, akimwambia mwanawe, "Mtama ukiliwa tena mwaka huu, oa mwanamke atakayezaa walinzi." Mume wangu akatazama miguu yake. Niliumia, siwezi kusema vingine. Nilimpenda mtu yule, na sikutaka kurudi kwa baba yangu na aibu.

Basi nikaenda kumwomba Mjerumani chombo kimoja.

"Si cha ndege," alisema. "Ni cha kutazama."

"Ndege nao wana macho."

Akacheka, akakubali. Alikileta kwa baiskeli vipande vipande, akakiunga katikati ya shamba langu. Nilitaka tukifungie makopo yalie. Hapo alikataa kabisa: kikilia, watu watakisikiliza, hawatakitazama. Nikamwita mkaidi kama punda. Neno mkaidi hakulijua, punda alimjua vizuri.

Siku za kwanza ndege walikuja kundi zima, wakakiona, wakageuka. Nikatamba. Halafu asubuhi moja nikamkuta kweleakwelea ameketi kwenye ncha ya mkono, anabembea, na wenzake chini yake wanakula mtama wangu. Nilikaa chini nikalia kwa sauti.

Watoto wa jirani walinikuta hapo. Mimi nilikuwa nimechelewa kupanda. Kwa majirani walikuwa wameshavuna, na watoto wao hawakuwa tena na zamu. Walikuja kukishangaa chombo. Punde wakaanza kubishana ni mkono upi utakaorudi nyuma kwanza, kila mmoja na wake. Mkono ukigeuka, aliyeshinda anapiga vigelegele, aliyeshindwa anamrushia dongo, na ndege wote wanaruka. Kesho yake wakaja zaidi, wakaleta wadogo zao. Nikawachemshia viazi, wakaketi kwenye matuta kama kwao. Mama mkwe alikuja kuwafukuza wasikanyage mabua. Akasimama kutazama, akajichagulia mkono, akawa anautukana kwa Kisukuma kila ukichelewa.

Siku chache kabla ya mavuno Mjerumani akapita kuangalia kazi yake. Wakati huo upepo ulikuwa umetulia, watoto wanakula, na ndege wamejipanga juu ya mikono yote. Uso ulimshuka. Alitoa spana akaanza kulegeza boliti.

"Unafanya nini?"

"Haifai. Ndege wamezoea."

Nikamshika mkono. "Kiache, bwana. Ndege wamekizoea. Watoto bado."

Upepo ukaja kidogo. Mkono mmoja ukaenda, ukasita, ukarudi, na shamba zima likalipuka kwa makelele, ndege hao. Yeye hakuwaangalia ndege. Aliangalia zile nyuso ndogo zilizoinuliwa, moja baada ya nyingine, mpaka spana ikamponyoka.

"Watoto wako?" aliniuliza.

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu yangu, ganda la kiazi mkononi, na Kiswahili cha kiasi hicho alikijua.

"Ndiyo," nilisema. "Wote."

Nikangoja mama mkwe anibishie. Hakunibishia.